Meli Yetu ya Masara

Ouma, omera, ndugu yangu,

Mstari huo hapo juu nimeuandika mara nne. Karatasi tatu nimezichana, na hii ndiyo ya mwisho katika daftari, kwa hiyo nikikosea utanivumilia. Niko Migori, katika chumba kile kile cha mabati nyuma ya poshomili ya kusaga mahindi. Kitanda chako bado kipo, nimekiwekea nguo zangu. Ni Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, na nimefunga mlango mtu asije akaniuliza namwandikia nani.

Nina hasira na wewe. Wacha niliseme hilo kabla sijaanza kukusifu jinsi walivyokusifu kwenye matanga yako. Walisema ulikuwa mtu mpole, mtu wa maneno machache. Wewe? Wewe uliyenichekesha mpaka nikaangusha ndoo nzima ya mawe na mwenye shimo la dhahabu akanitukania wazazi? Nilikaa pale kwenye benchi nikataka kusimama niwaambie wamekosea maiti.

Nina hasira kwa sababu mchezo wetu ulikuwa na mlango wa kutokea, tuliuweka sisi wenyewe, na siku ile hukuutumia. Na nina hasira zaidi na mimi. Juzi nimetoka kisiwani kwenu Takawiri kumwona mama yako. Kuna jambo nimemwambia, baada ya miaka karibu miwili ya kulimeza, na wewe pia lazima nikuambie, maana linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini nianzie kwenye ile filamu, la sivyo sitafika.

Unakumbuka tulikwenda kutazama karate. Jumamosi, tumepokea mshahara wetu, tumeoga, tumeingia kile kibanda cha video karibu na stendi na kukaa benchi la mbele kabisa. Kaseti ya karate ikakataa. Yule jamaa wa kibanda akatoa nyingine kutoka chini ya meza, filamu ya zamani sana, haina rangi, watu wanavaa makoti na kuongea Kizungu cha puani. Wenzetu walizomea wakatoka mmoja mmoja. Sisi tulibaki kwa ubishi wako tu, ukisema umelipa na utatazama hata kama ni matangazo ya mbolea.

Ilikuwa meli imenasa kwenye barafu. Kapteni yuko juu na kofia yake nyeupe, fundi wa mitambo yuko chini tumboni mwa meli, na wanaongea kupitia paipu ya shaba iliyopenya sakafu zote. Meli imetoboka. Kila baada ya muda Kapteni anainama kwenye paipu anauliza maji yamefika wapi, na Fundi anajibu kutoka kule chini, na hakuna abiria anayejua. Nilisahau kabisa habari ya karate. Halafu mashine ikatafuna mkanda. Jamaa akauvuta nje, mita na mita za mkanda mweusi uliokunjamana, akatuambia imeisha.

"Haijaisha," ulimwambia. "Meli bado iko kwa barafu, na wewe unatufukuza?"

Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo ulipoanza. Ulisimama katikati ya barabara, ukaweka mkono mdomoni kama paipu: "Kapteni, maji imefika kwa kifundo ya mguu. Tufanye nini?" Nami nikajikuta nimejibu. Hatukujadiliana nani awe nani. Mimi Mkuria wa Isebania nisiyejua hata kuogelea, ulisema, mtu wa ng'ombe akae juu pakavu. Wewe mtoto wa kisiwani ushuke chini kwenye maji, kwa kuwa umeyazoea. Tulicheka sana kwa mgawanyo huo, nami siku hizi siwezi kuufikiria hata kidogo.

Mwaka mmoja na zaidi tuliicheza ile meli. Wewe na Kijaluo chako, mimi na Kikuria changu, meli yetu ilienda kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili chako, ndugu yangu, kilikuwa kimetoboka kuliko meli yenyewe. Barafu hatukuwahi kuiona zaidi ya ile iliyogandia chupa za soda kwenye friji ya duka. Hilo halikutuzuia. Tulikubaliana jambo moja, kwamba mtu hakatai alichosema mwenzake, anaongeza tu. Uliposema tumebeba sukari, tulibeba sukari. Niliposema kuna ng'ombe thelathini ndani ya meli, ulinung'unika wiki nzima kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kuwatafutia nyasi kwenye barafu, lakini hukuwakataa. Ukaleta mhubiri aliyeomba barafu iyeyuke na kila akiomba baridi inazidi. Kina mama waliokuwa wanaponda mawe pale juu walikuwa wakitungoja tutoke shimoni ili waulize, "Haya, leo meli imefika wapi?" na mmoja wao akadai apewe chumba cha daraja la kwanza.

Shimo letu nalo lilikuwa kana kwamba limechimbwa kwa ajili ya mchezo huo. Lilishuka wima, halafu likagawanyika matawi mawili. Tawi la juu nilichimba mimi, la chini ulichimba wewe, na katikati ya mwamba kulikuwa na tundu la hewa la ukubwa wa ngumi. Nilikuwa nainama kwenye tundu nauliza: "Fundi, maji yamefika wapi?" Nawe unajibu kutoka gizani. Magotini. Mapajani. Siku ukiwa na njaa ulikuwa unayapandisha mpaka kidevuni ili nikuruhusu upumzike.

Kisha ikaja siku ile jiwe liliponiangukia kidole. Nililia kweli, nawe ukanijibu kwa sauti ya Fundi, "Kapteni halii, abiria watasikia." Uliendelea hivyo mpaka ulipopanda na tochi yako ukaona damu. Ulinifunga kidole kwa kitambaa cha shati lako mwenyewe, na jioni ukaniambia bila kucheka: "Marwa, hii kitu ni hatari. Siku mtu ameumia kweli, ataje jina yake ya nyumbani. Hapo tunajua mchezo imeisha." Tukapeana mikono juu ya hilo.

Kwa hiyo tulijua, Ouma. Usiniambie hatukujua.

Sasa ile siku. Mvua ya El Nino ilikuwa imenyesha wiki ya tatu. Kila shimo la machimbo ya Masara lilikuwa na pampu ya dizeli juu inanyonya maji tangu alfajiri, vinginevyo hakuna kushuka. Tulishuka saa mbili asubuhi. Kama saa nne nilisikia mlio mfupi, mtu angedhani ni gunia limetupwa chini, kisha upepo ukanipiga usoni na tochi yangu ikazimika. Nilipoiwasha, mlango wa tawi langu ulikuwa ukuta wa mawe na udongo. Nilikuita. Uliitika kupitia tundu letu, ukakohoa sana, ukasema uko hai, ila upande wako pia umefungwa.

Nataka ujue nilivyokuwa wakati ule. Nilitaka kupiga kelele, na ningepiga, hewa ile kidogo ingeisha. Wewe ndiye uliyeniwahi. Ulisema kupitia tundu, taratibu kabisa, "Kapteni, barafu imetubana pande zote. Toa amri." Nikashika hiyo sauti kwa mikono miwili. Nikatoa amri. Uhai wangu wa saa zile tano ulikuwa ni huo mchezo, sina haja ya kuficha.

Watu wa juu walianza kufukua haraka. Mngurumo wa pampu ulikuwa unasikika kwa mbali, nami nikajiambia maji yananyonywa, hilo halina shida. Sikujua kwamba mawe yalikuwa yameikata paipu ya kunyonyea kule chini kwako. Mashine ilikuwa inanguruma bure.

Nilikuuliza maji yamefika wapi. Nilikuuliza kwa mazoea, kwa sauti ya Kapteni, kwa sababu ndilo swali letu.

"Magotini, Kapteni."

Baadaye: "Mapajani. Na mguu moja imekanyagwa na nguzo, haitoki." Nikakujibu kwamba serikali itakununulia mguu mwingine wa mbao ukirudi bandarini. Ulicheka. Ulicheka kweli, Ouma, nilikusikia.

Walipofukua karibu na mimi, sauti ya mtu ikapenya kwenye mawe. Walikuwa na njia mbili na watu wa kutosha njia moja tu. Wangeendelea kufukua shimo letu, wanifikie mimi kwanza na wewe baadaye. Au wangehamia shimo la zamani la jirani, ambalo ukuta wake ulikuwa mwembamba upande wako. Wewe hawakukusikia, sauti yako ilifika kwangu tu. Wakauliza: "Mwenzako yuko aje?"

Nikainama kwenye tundu nikasema, "Fundi, wanauliza hali yako." Fundi. Sikusema Ouma.

Ukajibu, "Waambie maji imefika kiunoni, lakini mitambo bado inafanya kazi. Kapteni atoke kwanza safari hii."

Nami nikabisha! Nikakuambia Kapteni hutoka wa mwisho, usome sheria za bahari. Halafu nikageuka nikawapigia kelele wale watu: "Yeye ni mzima, tunapiga hadithi! Anzeni hapa!"

Hayo ndiyo maneno. Nimeyaandika sasa. Na chini yake kuna jambo lingine ambalo hata mama yako nilimwambia nikiwa nimetazama chini: nilitaka kutoka. Kuna sehemu yangu ndogo iliyojua kwamba kicheko chako cha mwisho kilikuwa kifupi mno. Ilijua kwamba hukuwahi kutaja nguzo katika mchezo wetu, meli haina nguzo. Sehemu hiyo niliinyamazisha, kwa sababu ningekuuliza kwa jina lako ungenijibu, na ukinijibu ingenibidi nibaki gizani, nao waende kwako.

Kabla hawajanifikia uliniita mara moja zaidi. "Kapteni." Nikasema, "Kaa kwenye kituo chako, Fundi, msaada unakuja." Hukujibu. Nilidhani umenuna.

Walinitoa saa tisa. Wewe walikufikia jua likiwa linaelekea kuzama. Wale wawili waliokubeba walinitazama, nguo zako zinachuruzika maji, hakuna jeraha kubwa popote ila ule mguu. Nami nikawa wa kwanza kusema ni mawe, kwamba yalikuua papo hapo. Mwenye shimo alilipenda jibu hilo. Kila mtu alilipenda, hata waliosikia nikisema u mzima. Nilikusindikiza hadi Homa Bay, hadi Mbita, tukavuka na boti, na pale ufukweni Takawiri mama yako aliponishika mabega akaniuliza, "Mtoto yangu aliteseka?" nilimwambia hapana, mama, hakujua hata kilichompiga. Akamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watu wote. Alinishukuru na mimi.

Tangu siku hiyo amekuwa akinitumia omena, dagaa wa ziwa lenu. Kila mwezi, mfuko mmoja, kwa mtu yeyote anayekuja upande huu. Nilikuwa siwezi kuila. Nilikuwa namgawia mama mwenye nyumba, naye alidhani nina ugonjwa wa tumbo. Mfuko wa mwezi uliopita ulikuja na salamu, kwamba mimi nimebaki mtoto wake kwa kuwa nilikuwa na wewe mwisho. Ndiyo nikasafiri.

Nilimkuta ameanika omena kwenye nyavu kuukuu mchangani, anafukuza ndege kwa tawi. Amekonda, Ouma, lakini ana nguvu. Dada yako mdogo ameolewa Mfangano. Nyumba yako bado wameiacha na mlango wake. Sikukubali kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, vyote, filamu na meli na tundu na lile swali la wale watu, na jibu langu. Aliendelea kugeuza samaki muda wote. Mkono wake haukusimama hata nilipofika kwenye maji ya kiunoni.

"Kwa hivyo alikuwa anaongea," alisema mwishowe.

Nikasema ndiyo, mama.

"Mpaka saa ngapi?"

Nikasema kama saa nane.

Hapo ndipo alipoacha kugeuza. Alikaa chini kwenye mchanga miguu ameinyoosha mbele, akasema jina lako kwa Kijaluo na maneno mengine ambayo sikuyaelewa. Nilitaka kukaa karibu naye, akaninyooshea kiganja nisisogee. Baadaye sana, macho yake ziwani, akasema: "Marwa, najua ulimpenda. Hiyo sikatai. Lakini ungeuliza. Mara moja tu, ungeuliza yeye."

Nilitegemea anitukane, au anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alininyima yote mawili. Aliniletea kuon, ugali wenu, na samaki nyumbani kwa sababu mgeni ni mgeni, akaweka maji ya kunawa, lakini hakukaa nami mezani. Nilikula peke yangu, kila tonge. Nilipoondoka hakunipa mfuko.

Njiani nilikuwa nakugombeza. Ndani ya boti kimya kimya, na kutoka Homa Bay kurudi huku nikisogeza midomo mpaka mama mmoja akahama kiti. Kwa nini hukutaja jina lako? Ulikuwa unaniokoa? Ulisahau? Au ulikuwa unanionea huruma, ukajua nikilisikia jina hilo nitapasuka moyo kule gizani na nitamaliza hewa? Yule aliyesema Kapteni atoke kwanza, alikuwa ni Fundi au ni wewe? Kuna siku naamini ulinichagulia uhai ukijua. Siku hiyo natembea wima mjini. Kesho yake naona nimejitungia jambo la kunipendeza, maana kutunga ndiyo kazi tuliyoizoea. Sitajua, na nimechoka kukulazimisha unijibu.

Wacha nikuambie ninachofanya sasa. Sishuki tena kuchimba. Niko Masara bado, kwenye shimo la mtu mwingine, mimi ndiye wa kamba, nawashusha watu na kuwapandisha. Watu wakishuka naandika majina yao kwenye ubao, majina yao kamili, na kila baada ya muda naita jina moja moja mpaka mwenyewe aitike. Siitiki kwa niaba ya mtu na sikubali mtu aitikiwe na mwenzake. Wananichukia kwa hilo. Wameniita Rejesta. Wanasema nawapotezea muda kwa kuwaita mfano wa watoto wa darasa la kwanza.

Jana niliita Baba Rosa, unamkumbuka, yule mnene wa pampu, siku hizi anachimba. Niliita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili akajibu kutoka chini, "Amekufa huyo, leteni sanduku!" Na wengine wakacheka. Niliita tena. Akajibu tena kwa mzaha, na sauti yake ilikuwa nzima kabisa, kila mtu aliisikia kuwa nzima. Kumbe miguu yangu ilikuwa imeshaanza kwenda. Nilimkabidhi mwenzangu kamba, nikashuka, mimi ambaye nilikuwa sijaingia shimo lolote tangu siku ile, nikatambaa kwenye tawi lake. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula muhogo.

"Wewe Mkuria una wazimu," aliniambia.

Nikamshika mguu mmoja, kisha wa pili. Nikapapasa sakafu nione kama kuna maji. Ilikuwa kavu. Akanitazama, akaacha kutafuna, akavunja muhogo akanipa nusu, nami nikaushika tu nikiwa nimepiga magoti pale, nalia mbele ya mtu mzima mwenye watoto sita. Alingoja nimalize.

Kwaheri, Ouma. Mama yako nitarudi kwake mwezi ujao, na mwingine unaofuata, akae nami au asikae. Na pale shimoni nakuahidi nitaita. Wakinitukana, nitaita. Wakinijibu kwa mzaha, nitashuka.